510,511

Nilipostaafu kufundisha hesabu shule ya msingi, nilibaki na nyumba yangu ya Nyasura, kuku wachache na tabia ya kukokotoa bila kutumwa. Mume wangu alishatangulia, na mtoto Mungu hakutujalia.

Namba niliyoipenda niliitengeneza mwenyewe. Chukua namba tasa saba za kwanza, kuanzia mbili hadi kumi na saba, uzizidishe zote, kisha uongeze moja. Unapata 510,511. Igawanye kwa yoyote kati ya hizo saba, inabaki moja. Lazima ibaki, maana hiyo moja umeiongeza wewe. Nikajiambia kwa kiburi kwamba hii nayo ni tasa, haigawanyiki na mtu, basi ni mimi mtupu.

Jumapili moja wifi yangu akaja kutoka Butiama na binti mpole mwenye mtoto mgongoni. Kwetu mwanamke asiye na mtoto anaweza kumwoa binti, akamtolea ng'ombe, na watoto wakawa wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu.

"Wifi, utakuwaga peke yako mpaka lini?" aliniuliza. "Huyu analima, anapika, na hana maneno."

Binti alikuwa ameshaanza kuosha vyombo vyangu bila kuambiwa. Hilo likaniudhi zaidi.

"Sihitaji mtu," nikasema. "Nimezoea."

"Sikio la kufa," wifi akaguna. Wakaondoka hata chai hawajamaliza.

Masika malaria ikanilaza. Hakuna aliyebisha hodi, kuku tu ndio walionidai chakula. Homa ilipopungua nikachukua penseli nipitishe muda, nikaikumbuka namba yangu. Niliishia kuijaribu kwa kumi na saba, wakati kanuni inataka uendelee na namba tasa hadi zile za mia saba na kitu. Mwanafunzi angefanya uvivu huo ningemsimamisha mbele ya darasa.

Nikajaribu kumi na tisa, inayofuata tu. Ikaingia bila baki: 26,869. Nikadhani ni homa, nikarudia. Ikaingia tena. Na hiyo 26,869 nayo ikagawanyika, ikawa tisini na saba mara mia mbili sabini na saba.

Nililia, na sioni aibu kusema. Miaka yote nilijisifia upweke ambao sikuupima hadi mwisho. Nikampigia wifi, nikamwambia amlete yule binti na mwanawe, ng'ombe nitatafuta.

"Alishachukuliwa, wifi. Mama mmoja wa Musoma alimwoa mwezi uliopita. Wewe si ulikuwaga unasema umezoea?"

"Nilisema," nikajibu. "Sijazoea."

Nikamwomba asikate simu kwanza, aniambie chochote, hata habari za mihogo yake.