Nyumba ya Matundu ya Papa Symphorien

Mkaidi kama Papa Symphorien sijamwona upande huu wa Kapolowe, na nasema hivyo nikiwa jirani anayempenda. Nyumba ya kukaushia zabibu aliijenga mwenyewe, matofali yakiachiana nafasi hadi kuta zote zikajaa matundu. Ndani, vichala huning'inia kivulini kwenye fito. Jua haliingii, kazi yote hufanywa na upepo mkavu wa Juni na Julai.

Miaka mingi masista wa misheni walichukua zabibu zake kavu kwa keki za sikukuu. Kisha malori ya madini yakaanza kupita mbele ya nyumba, yakitimua vumbi. Mwaka jana mmoja wao, Masère Laure, alitafuna moja, akaitema kiganjani.

"Papa, iko muchanga ndani," alisema kwa huruma. "Ikikuwa hivi tena, tutaacha."

Basi mwaka huu mzee akakanda udongo, akaziba matundu yote ya upande wa barabara. Mkewe, Mama Fortunée, alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Baba Divin, upepo inatokeaka kule! Ukifunga, zabibu itaoza."

"Vumbi nayo inatokeaka kule kule. Minye nitafanya nini?"

Akachota udongo mwingine, akaziba tundu la mwisho.

Baada ya wiki tatu nilisikia harufu ya uchachu kabla sijafika mlangoni. Vichala vilikuwa na ukungu mweupe, vinachuruzika. Nilikuwa nimekwenda kumcheka, nikajikuta nimeshika ndoo. Tulivimwaga vyote shimoni, na iliniuma.

Kisha akachukua nyundo, akaanza kuyazibua matundu. Nikamuuliza ya nini tena, wakati vumbi litarudi na masista hawatarudi.

"Nyumba ya kufungwa hivi, minye siwezi kuiangalia," alisema.

Honi ikalia barabarani, mara mbili, ndefu. Ni Divin, mtoto wao wa pekee, dereva wa mojawapo ya malori yale. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha wote wawili. Kila akipita huwasalimia wazazi wake hivyo. Mama Fortunée alitoka mbio jikoni akipunga kitenge.

Papa Symphorien naye aliinua mkono wenye nyundo, akauacha juu mpaka lori likapotea. Vumbi likaingia kwa matundu aliyoyafungua sasa hivi.

"Mutoto amepita salama," alisema, akaendelea kugonga.