Leo Kitabu Nimesoma Mie

Mashoga, tumedanganywa miaka yote hii, na mie nashukuru!

Bi Zuhura, msomaji wetu, leo sauti imemkauka. Basi kitabu kipya cha yule mtunzi tunayempenda nikakisoma mie, wenzangu wakishona kofia.

Jamani, kimepooza! Muuaji tumemjua hata chai haijamiminwa.

"Mtunzi kazeeka huyu," Bi Mwanaidi akanuna.

Nikafungua kile cha zamani alichotusomea Bi Zuhura, kilichotufanya tukiogope kisima mwezi mzima. Nikamtafuta yule maiti wa kisimani.

Hayumo. Hata kisima chenyewe hamna!

Sote tukamgeukia Bi Zuhura. Kajifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mwenye asali na tangawizi apeleke kwake leo leo. Mtunzi wetu anaumwa koo.