Kondoo Aliyegeuza Kichwa

Manyoya ya kondoo yakilowa hunuka kama blanketi la mtoto aliyekojoa, na ndiyo harufu iliyojaa nyumbani kwa nyanya yangu kule Kiirua, miezi ya baridi nilipokuwa darasa la tano. Asubuhi ukungu ulilala juu ya viazi mpaka saa nne, nasi tukaenda shule na sweta zenye unyevu. Tulikuwa wawili, mimi na binti wa baba mkubwa, ambaye kwetu haitwi binamu, ni dada. Sote tuliitwa Nkatha, kwa sababu kila mmoja wa baba zetu alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, nyanya huyo. Ungedhani hilo lingetufanya sawa. Lakini baba yake alikuwa mwalimu wa shule nyingine na wangu alilima viazi, kwa hiyo yeye aliitwa Nkatha wa Mwalimu, na mimi, hata kanisani, niliitwa Nkatha yule mwingine.

Muhula wa pili alikuja mama mmoja kutoka Lithuania, nchi ambayo mwalimu wetu aliitafuta kwenye ramani kwa rula mpaka tukachoka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu fupi za watoto kwa wanasesere wa sufu. Alitundika shuka ubaoni akatuonyesha moja ya kwao: babu wa sufu anatafuta glavu yake kwenye theluji, hakuna anayesema neno, na darasa zima likasogea mbele. Kisha akatufundisha inavyofanywa. Mwanasesere hatembei. Unamsogeza upana wa punje ya mchele, unatoa mkono, unapiga picha, unamsogeza tena. Picha kumi na mbili ndizo sekunde moja tu. Filamu yake mpya ilikuwa ya kondoo wa huku kwetu anayekataa kunyolewa manyoya. Kila mtoto angetengeneza wake, mmoja angechaguliwa, na mwenye kondoo huyo ndiye angemsogeza mbele ya kamera.

Nilitaka awe wangu kuliko nilivyotaka viatu. Nyanya alisema, "Mgeni hapelekewi uchafu," tukaosha sufu kwa sabuni ya unga, maji matatu, tukaianika juu ya jiko, akaichana kwa kitana chake mwenyewe. Kondoo wangu alitoka mweupe kama bibi harusi. Nkatha wa Mwalimu aliokota sufu yake kwenye seng'enge njiani, siku ile ile ya kuwapeleka kondoo wetu, pamoja na matope na mbegu za nyasi. Mgeni alimshika wangu, akasema mzuri sana, akamweka dirishani. Akamshika yule mchafu, akamnusa, akacheka, na mwalimu akatutafsiria, "Anasema huyu ameishi." Ameishi wapi? Alikuwa amezaliwa saa moja na nusu asubuhi! Nilipofika nyumbani nikilia, nyanya alinipa uji tu. "Aliyechaguliwa si ni Nkatha? Basi ni mimi nimechaguliwa. Kunywa." Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mikono yake na yangu iliosha ile sufu pamoja, na bado hakuona tofauti.

Siku nyingi nilikaa nyuma nikimtazama dada yangu akisogeza, akitoa mkono, akisogeza. Amri ilikuwa moja: meza haiguswi. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, wote wakiwa nje na githeri yao, niliingia nikashika kichwa cha yule kondoo. Nilitaka kukinyofoa. Niliogopa, nikakizungusha tu, kikatazama upande. Waliporudi, mgeni alikuwa ameinama kwenye kamera yake, hakuona kitu. Nkatha alikitazama kile kichwa. Akaendelea na kazi, akikirudisha kidogo kidogo.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kondoo anatembea kuelekea mkasi, anatembea, mara pap! kichwa kimegeuka, anatutazama sisi kama ameitwa jina, kisha polepole anarudi kutazama mbele. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nyanya alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Nani alimfundisha yule kugeuka hivyo?" Baba mkubwa akajibu kwa sauti, "Si huyu Nkatha wangu!" Dada yangu akainamisha macho, na nyanya akamkumbatia mbele ya watu wote. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kulisema kulikuwa kuomba fimbo, nami nikalimeza.

Sasa nina binti wa miaka minne na ninauza viazi kando ya barabara ya Nanyuki. Nkatha anatengeneza vibonzo Nairobi na analipwa kwa kucheza. Juzi aliituma ile filamu kwenye kikundi cha familia, "kazi yangu ya kwanza," na hongera zikamiminika. Binti yangu aliitazama mpaka chaji ya simu ikaisha, akipiga kelele kila kichwa kilipogeuka. Nikaandika: Kichwa niligeuza mimi. Kabla mtu hajajibu, Nkatha akanipigia, anacheka.

"Wewe, nilikuona. Nilikuwa nje ya dirisha na sahani yangu."

"Na ukanyamaza?"

"Ungechapwa. Halafu kilipendeza, dada. Sasa futa hiyo, wasije wakakucheka."

Sikufuta. Miaka yote hii nilimwonea wivu kwa kila kitu, nikajifariji kwamba kuna kimoja alichokosa: hakujua nani aligeuza kile kichwa. Kumbe alijua, na alinihurumia, na huruma yake ndiyo inayoniuma kuliko ile sifa aliyokula. Simu iliyo kwenye aproni yangu inapiga picha nzuri kuliko kamera ya yule mama, hakuna anayenikataza meza, na sijatengeneza hata kondoo mmoja. Hilo siwezi kumlaumu yeye.

Leo asubuhi nyanya amepiga kwa simu ya shangazi. Macho yake yameisha, ilibidi asomewe ule ujumbe.

"Ninaongea na Nkatha yupi?" akauliza.

Nikaweka chini debe la viazi. "Aliyegeuza kichwa, nyanya."

Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kile kile cha kanisani, na safari hii kilikuwa changu.