Kadi ya Marehemu

Mujukuu yangu anaandika, mi nasema. Nimemwambia asinisafishie maneno. Yeye anasoma iniversite, ana tabia ile: mi nikisema "alilia kama mbuzi", yeye anaandika "alihuzunika". Apana. Andika mbuzi.

Ni yeye alinipeleka kule. Alikuja hapa Musaga, mutaa wetu, na barua mukononi, akaanza na sauti ya sukari, ile ya mutu mwenye anataka kitu: "Bibi weee, tuna siku ya wakimbizi kwa iniversite. Watazungumuza juu ya kuhama, juu ya kurudi, juu ya identité, kusema mutu ni nani. Wanatafuta mutu mwenye aliishi kambini. Utatoa tu ushuhuda kidogo." Ushuhuda mi najua ule wa kanisani. Unasimama, unasema Bwana alikuponya mugongo, unakaa. Nikasema sawa. Nikapaka mafuta, nikavaa kitenge yangu ya kuendea harusi za watu.

Sali, ile chumba kubwa ya mikutano, ilikuwa imejaa mupaka kwa milango. Wakanikalisha mbele kabisa, katikati ya profesa na mama mumoja munene wa mashirika ya misaada. Hata kukohoa ilikuwa ya kuomba ruhusa. Profesa yule anasema kama mutu mwenye ana kiazi ya moto mu kinywa: "L'identité, wapendwa wanafunzi, ni kitu… euh… ni kitu yenye inatembea." Wanafunzi wote kichwa chini, wanaandika. Nikamwambia mujukuu yangu kwa sikio: "Yangu haitembei, inachechemea." Akanifinya.

Halafu wakawasha ile mashini yenye inatupa picha kwa ukuta. Nikaona sura yangu, kubwa kama mulango ya kanisa, ile foto ya karangamuntu, kadi ya serikali. Chini yake, maandishi. Mi sijui kusoma, lakini ile jina najua umbo yake, vile unajua uso wa jirani mwenye mulishindana. Jina, jina ya baba, mulima ya kuzaliwa, maana kwetu mulima ndo kijiji. Vyote vitatu si vyangu.



Niseme sasa, maana hata mujukuu yangu alikuwa hajui. Kule Kigoma, mi nilifika kambini wakati kuhesabu watu kumeisha. Kama haukuhesabiwa, hauna kadi ya posho. Bila kadi hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna maharagi. Mwanamuke mumoja akanipokea mu nyumba yake ya turubai. Alikuwa peke yake, na mi pia, wa kwetu walikwisha. Alikuwa anaongea kwa pua, pole pole, kama mutu anavuta ng'ombe na kamba: "Mmm, weee, kula basi, unaniangalia nini?" Mi namuiga, yeye anacheka mupaka anashika mbavu. "Unaniiba kinywa!" anasema.

Homa ikamubeba siku tatu tu. Na kambini kulikuwa na kawaida, kila mutu aliijua na hakuna mwenye aliisema: mutu anakufa, kadi haifi. Wanawake wa mustari wetu wakamuzika bila kelele, halafu wakaniangalia mi. Karani wa posho hakuwa na macho mazuri, lakini masikio yake, yalikuwa ya mbwa. Alijua sauti ya kila mutu. Siku ya posho akaita jina. Nikavuta pumuzi, nikajibu kwa pua, pole pole: "Mmm, niko." Akatoboa kadi. Nikapata unga. Nikalia juu ya ule unga, nikaupika, nikakula.

Nilifikiri itakuwa mara moja. Lakini ukiitika leo, na kesho wataita. Muzungu mwenye alikuwa anaandika wenye kurudi akauliza baba yako nani, mulima gani. Nikajibu vya yule. Meli ikatushusha hapa bandari, wakasoma liste, nikaitika. Karangamuntu ikatoka, jina yake. Mutoto yangu akabatizwa, akaandikwa mutoto wa yule. Jina yangu mwenyewe, hakuna mutu aliyebaki wa kuiita. Siku moja nilijaribu kuiita mwenyewe, ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Nikaona haya, kama nimeita mutu nisiyemujua.

Basi, wakanipa mikro. Nikasema. Njaa, mvua, turubai yenye inapiga kelele mu upepo. Nikamuiga karani, wakacheka. Nikawaiga watoto kwa mustari ya maji, wengine wakapanguza macho. Nilikuwa karibu kumaliza, niko natafuta kiti na macho, musichana mumoja akasimama kule nyuma. 

"Samahani, bibi. Ile jina kwa ukuta. Na jina ya baba. Na mulima. Bibi yangu alikuwa na mudogo wake mwenye alipotea Tanzania. Ni we?"

 Profesa alijibia wote: "Voilà! Voilà!" Kiazi imemutoka mu kinywa. Sali yote ikapiga makofi. Musichana tayari anapigia bibi yake telefone. Nikaangalia mulango, mulango iko mbali, na katikati ni magoti ya watu. Mama munene akanishika mukono na ule mukono yake ya jasho, ananiambia, "Lia, mama, lia, ni vizuri." Wakaweka telefone kwa mikro ili kila mutu asikie.

"Aro? Aro?"

Mungu wangu. Ni sauti ile. Ya pua, pole pole, ya kuvuta kamba. Ni dada yake, tumbo moja.

"Mmm, weee. Ni we kweli? Sema kitu nikusikie."

Na mi ninaweza. Hapo ndo palikuwa shida. Ningejibu tu kwa pua, yule muzee angemusikia mudogo wake muzima, sali ingelia, na mi ningerudi Musaga na Fanta yao ya wageni. Nikafungua kinywa. Nikaifunga tena.

Nikanyakua telefone pale kwa mikro, nikajifunika kichwa na kitenge kama mutu analia. Nikasikia watu, "Shhh, mumuache." Ndani ya kitenge, na sauti yangu hii ya kukwaruza, nikasema: "Dada, mi si yeye. Yeye alikufa na homa. Mi nilimuzika, nikachukua kadi yake."

 Nilisikia kuku kwa upande wake.

"Nimesikia," akasema. Halafu akageuka kwa watu wenye walikuwa naye, akapaza sauti: "Ni yeye! Ni mudogo wangu! Anaongea!" Vigelegele vikapasuka kule mulimani.

"Dada," nikasema, "umenisikia kweli?"

Akarudi karibu na telefone, pole pole. "Nimekusikia vizuri. Mama yetu alikufa akiangalia njia. Mi nimebaki peke yangu wa tumbo yetu. Usinizikie mutu kwa telefone, mbele ya watoto."

Nikatoka ndani ya kitenge. Wakanipiga foto na musichana, na profesa, na mama munene mwenye alikuwa amelia kuliko mi.

Nyumbani nikamwambia mujukuu yangu yote. Akakaa kwa kigoda. "Bibi, na mi basi ni nani?" Nikamwambia, "We ni mutu wa kunipikia chai." Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaenda kupika. Chai ikachemuka mupaka ikamwagika, hakuiona.

Sasa kila Jumapili, nikitoka misa, telefone inalia. Ananiita na ile jina. Nikijaribu, "Dada, hebu tuseme," ananikata: "Mmm, kwenu mvua imenyesha?" Nikikaa kimya, anangoja. Anajua kungoja kuliko mi. Mwisho wake naitika.

Dada na watu wake wameweka pombe ya ndizi kule mulimani, ya kunipokea. Tunapanda Jumamosi. Mujukuu yangu anasema, "Bibi, tuseme uko mugonjwa." Nikamuuliza ugonjwa ya miaka ngapi.

Jana dada akapiga, si Jumapili. Sauti yake ndogo. "Watakuja wazee wenye walimujua mudogo wangu," akasema. "Alikuwa na kovu ya moto kwa mukono ya kushoto, chini ya kiwiko. Unaijua?"

"Naijua. Mi ndo nilikuwa namupaka mafuta hapo."

  Nikasikia anapumua.

"Uvae nguo ya mikono mirefu," akasema.