Chumba Alichokisafisha Binti Yangu

Binti yangu si kichaa. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu siku hizi watu wanamsalimia polepole, kama wanaongea na mgonjwa. Akienda dukani wanamwita Shahidi, kisha wanacheka. Jina hilo alipewa melini, na lilishuka ngazi kabla yake.

Alikuwa msafishaji wa vyumba kwenye meli ya abiria. Tangu mdogo nilimfundisha kwamba mtu hatoki chumbani kabla ya kutandika kitanda, naye akitandika, shuka hukaza kama ngozi ya ngoma. Wenzake walikuwa wakimtania, "Wewe siku ya kufa utaamka kwanza utandike."

Asubuhi ile alikuwa nyuma ya meli akikung'uta mazulia. Akainua macho. Juu yake, kwenye kibaraza cha chumba cha daraja la kwanza, mwanamume alikuwa amemshika mwanamke kiunoni. Akadhani wanacheza. Yule mwanamume akamnyanyua, akamtupa baharini. Mwanamke mwenyewe binti yangu alimjua, maana jana yake alimpelekea taulo wakapiga soga mlangoni. Gauni lake la njano lilionekana juu ya maji mara moja tu, basi.

Alikimbia kwa msimamizi wake huku akipiga kelele meli isimame. Msimamizi akamshika bega.

"Tulia, binti. Nitamwambia nahodha. Wewe nenda kasafishe kile chumba, mteja ametoka."

Naye akaenda! Hapo ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Alikuwa analia, lakini kule melini msimamizi akisema safisha, unasafisha, na mikono ilishazoea. Akatoa nywele ndefu kwenye sinki. Akaosha kikombe chenye rangi ya mdomo. Akabadilisha shuka, akafuta kioo. Nahodha alipoingia, chumba kilikuwa kinang'aa, na mkoba wa yule mwanamke haukuwepo. Nadhani nao ulimfuata majini. Mteja akasema amesafiri peke yake.

"Haya, huyo mwanamke yuko wapi?" wakamuuliza binti yangu. "Tuonyeshe hata unywele."

Meli haikupunguza hata mwendo.

Walimrudisha nyumbani wakisema kichwa kimechoka. Akitaka kazi yake, aje aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, akiri kwamba alikosea. Kaka yangu alikuja mbio kutushauri.

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite."

"Atapita mara ngapi?" nikamuuliza. "Na akipita, anakwenda kwa binti wa nani?"

"Basi mtakula ukweli wenu," akasema, akavaa viatu vyake.

Kweli mshahara wa binti yangu ndio uliotulisha. Mimi ni mtu wa wasiwasi, naamka kuangalia kama mlango umefungwa na nilishaufunga. Lakini siku ya kuomba radhi, tulipokuwa njiani kwenda bandarini nilimwambia, "Mwanangu, sikufundishi la kusema. Mdomo ni wako."

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika kwenye chumba chao cha kulia, meli ikiwa imefungwa gatini. Msimamizi alinivutia kiti kwa heshima nyingi mno. Mtu akivutiwa kiti namna hiyo, ajue anakaribia kuumizwa. Nikatazama nyuso. Mpishi peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia sakafu.

"Haya, Shahidi," mmoja akasema, wakacheka.

Binti yangu akasimama. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea."

Msimamizi akashusha pumzi. "Umeona, mama? Jambo dogo tu."

"Nilikosea kusafisha kile chumba," akaendelea. "Nywele zake nilizitupa mimi. Kikombe chake nilikiosha mimi. Wewe uliniambia nisafishe, na mimi nikatii. Kwa hilo namwomba radhi yule dada. Ninyi siwaombi kitu."

Msimamizi akafoka, "Mtoeni huyu! Ni mgonjwa!"

Nikasimama, nikamgeukia mpishi. "Baba, asubuhi ile chai ya chumba kile ulipeleka vikombe vingapi?"

Akafumba macho. "Mama, nina watoto."

"Na yule alikuwa mtoto wa nani?"

Tulishuka ngazi mimi na binti yangu tumeshikana mikono, na nyuma yetu hakuna aliyecheka tena.

Kazi imekwenda. Sasa anafua nguo za watu hapa uani, na kila anayekuja, yeye humsimulia aliyoyaona melini, mtu apende asipende. Wengine hawarudi. Waache.

Ila kitanda chake hakitandiki tena. Shuka linabaki hivyo hivyo limekunjamana, mto una shimo la kichwa, nywele zake ziko palepale. Mimi niliyemfundisha, kila asubuhi napita mlangoni, mikono inaniwasha. Sikigusi.