Kikanda cha Kensington

Lile ua ambalo mama alilitembelea kila Jumapili tukitoka kanisani, mimi nililing'oa ili alipike.

Leo jirani anakaanga karanga, na harufu imenirudisha kulekule.

Lilikuwa okidi ya porini, limejificha kwenye nyasi za kilima cha Kensington, mtaa wetu wa ugenini. Mama alikuwa akipiga magoti na gauni lake la kanisani, anapapasa majani kwa kidole. Alisema huenda ni ndugu wa okidi za kwao Lubumbashi, ila hawezi kujua mpaka lichanue. Kule kwao viazi vya okidi hutwangwa na karanga, vikapikwa vikawa kikanda, na mama alikitamani kikanda kuliko nyama. Mimi nilisikia "kikanda" tu. Mengine yalipita na upepo.

Basi nikapanda kilima na kijiko cha supu, nikalichimba, nikamwekea mezani na udongo wake wote.

"Mama, kikanda hiki hapa! Bado karanga tu."

"Eish," dada akasema, "leo utakula fimbo."

Mama hakufoka. Alilitazama tumba, lilikuwa bado limefumba. Akaosha mizizi taratibu, vikatokea viazi viwili: kimoja kimenyauka, kingine cheupe, kigumu.

"Huyu aliyekunjamana ni mama," akasema. "Huyu mweupe ni mtoto wake. Tunawarudisha kwao sasa hivi. Weye, bado nafikiria pa kukupeleka."