Mlango wa Benki

Watu wengi hununua kiwanja kwanza, wakaleta mchanga, wakaleta tofali, na mlango huja mwisho kabisa. Kinyozi wa mtaani kwetu kiwanja alikuwa nacho tangu zamani, kimeota majani. Ujenzi wake aliuanza na mlango.

Benki ya zamani pale mjini ilikuwa inabomolewa, na wabomoaji waliuza kila kilichotoka kizima. Kinyozi alikuwa amekwenda kununua nyembe. Alirudi na mlango: mbao ngumu nyeusi, mabawa mawili, upana mita mbili na nusu, urefu vilevile, na vishikio vya shaba. Waliubeba wanaume sita. Mkewe, anayefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, alisimama kwenye chumba chao cha kupanga, akautazama ukipita uani, kisha akauliza, "Baba watoto, na nyumba yake iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Mimi ni fundi mwashi, na nitasema ukweli hata kama unaniuma: fundi mwashi hapendi nyumba ndogo. Nyumba ndogo unaimaliza, unanawa mikono, unarudi kijiweni kutafuta kazi nyingine. Nilichukua penseli nikamchorea Kinyozi vyumba vinne, sebule pana, na baraza yenye nguzo mbili, maana mlango ule usingependeza bila nguzo. Mlango ulitaka baraza, baraza ikataka sebule, sebule ikataka bati za kutosha kuezeka shule. Kinyozi aliishika ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba.

"Fundi," aliniambia, "miaka ishirini nainamisha vichwa vya watu. Nataka mlango ambao mtu akifika, anainua kichwa mwenyewe."

Sikumcheka. Nilimwelewa sana.

Akiba yao ilikuwa ya miaka kumi na miwili. Yeye alitenga kichwa kimoja katika kila vitano alivyonyoa, na mkewe alitenga malipo yote ya zamu za ziada. Kwa nyumba niliyochora, akiba hiyo ingefika kwenye lenta, pale juu ya madirisha, na kusimama hapo. Mtaa wetu umejaa nyumba za namna hiyo, vichaka vinaota vyumbani na mbuzi ndio wapangaji. Na muda haukuwepo. Mwenye nyumba wao alikuwa anamwoza mwanawe, akawapa miezi minne wampishe.

Pale kwenye kibanda cha kunyolea, kila aliyefungwa shuka shingoni aligeuka mshauri. "Kopa, bwana! Nyumba haijengwi kwa mate," alisema mmoja, naye mwenyewe alikuwa ananyolewa kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Ijumaa alikuja afisa mikopo wa benki, mtu mwenye kisogo kizuri na maneno mazuri zaidi, akaacha fomu juu ya kopo la poda. Kinyozi aliniuliza nionavyo. Nikamwambia, "Jaza tu." Ndivyo nilivyosema, na sitajificha nyuma ya mtu. Nilikuwa nimeshazihesabu zile siku za kazi.

Fomu ilihitaji sahihi mbili. Jumatatu, mkewe alinifuata nilipokuwa nikijenga ukuta wa watu, bado amevaa aproni ya kazini. Aliitoa fomu mfukoni. Ilikuwa imekunjwa sawasawa, pembe kwa pembe, kama shuka la wodini.

"Shemeji Fundi, wewe ndiye uliyemwambia ajaze?"

Nilijifanya natafuta pimamaji.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema, "walipokuja kwa baba. Walitoa viti kwanza. Sijui kwa nini walianza na viti. Mama alikuwa amekikalia kimoja, wakamwomba ainuke. Kwa adabu kabisa, shemeji. 'Samahani, mama, tupishe.' Baadaye wakachukua nyumba yote, lakini mimi naikumbuka ile samahani." Alikunja fomu tena. "Nikiweka sahihi hapa, kila mtu atakayepiga hodi nitadhani amefuata kiti. Sitaweka. Sasa niambie. Kwa hela tuliyonayo, bila senti moja ya mtu, unaweza kumaliza nyumba ya ukubwa gani? Kumaliza, nasema. Bati juu, kitasa mlangoni."

Nina miaka mingi katika kazi hii na sikuwahi kuulizwa swali hilo. Watu huniuliza naweza kuanza nyumba kubwa kiasi gani. Niliona aibu, nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikapiga hesabu mara tatu, maana mara mbili za kwanza mkono wangu uliongeza chumba. Ikatoka vyumba viwili, sebule ya mita tatu kwa nne, jiko na choo. Kikabaki kidogo cha kumpa seremala.

"Inatutosha," alisema. "Kamwambie mwenzako."

Kumwambia ilikuwa kazi. Kinyozi alinuna siku tatu, na kinyozi akinuna usimpe kichwa chako. Siku ya nne alisema kwa ukali, "Haya, jenga hicho kiota. Lakini mlango wangu unakaa mbele!"

Jumapili asubuhi tukaenda kiwanjani. Nilipiga vigingi, nikafunga kamba, sebule ikaonekana pale chini, upande wa mbele mita tatu. Wale wanaume sita wakauleta mlango na fremu yake, tukausimamisha juu ya kamba na kuuegemeza kwa magogo. Ulimeza ukuta wote. Kulia ilibaki sehemu ya tofali moja, kushoto hivyohivyo. Dirisha halikuwa na pa kukaa.

"Ukifungua huo," jirani mmoja alipaza sauti, "nyumba yote inakuwa nje!"

Watu walicheka. Binti zao wawili walicheka pia, kisha wakamwona baba yao wakanyamaza. Kinyozi alishika kishikio cha shaba, uso umemshuka. Nami nilimhurumia, maana nguzo zile mbili nilizitia mimi kichwani mwake.

Mkewe hakucheka. Aliusogelea mlango, akasukuma bawa la kulia, akapita, akasimama ndani ya kamba, katika sebule yake isiyo na ukuta. Akageuka.

"Baba watoto, umewahi kuingia benki ile?"

"Mara nyingi. Si ndiko tulikoweka akiba?"

"Wakati wowote ule, umewahi kuona bawa hili la kushoto limefunguliwa?"

Kinyozi alifikiri. Mimi pia nilifikiri, na hata wale wabebaji wakafikiri. Hakuna aliyewahi kuliona. Benki nzima, na watu wake wote na fedha zake zote, ilipita kwenye bawa moja.

"Kama benki ilitoshwa na nusu," alisema mkewe, "sisi ni nani? Mlango wa benki nimeukubali, mume wangu. Benki yenyewe ndiyo sitaki iingie."

Kinyozi alijaribu kubaki amenuna. Mdomo ulimsaliti. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, kisha akamwomba mkewe ile fomu, akaichana vipande vinne, akauliza kama nusu ile ingebaki na kishikio cha shaba. Nikamwambia ingebaki nacho.

Nilijenga kwa miezi mitatu na wiki mbili. Upande wa kulia niliacha meno, tofali moja nje, moja ndani, ili siku wakipata chumba cha tatu ukuta ushikane vizuri. Hayo meno sikuwatoza. Bawa la kushoto seremala alilipunguza urefu, akalitia miguu, likawa meza ya watu wanane. Kipande kilichobaki ni rafu chini ya kioo cha Kinyozi, na kila Ijumaa afisa mikopo huweka simu yake hapo bila kujua ameiweka juu ya nini.

Siku ya kuhamia, mimi na wale wabebaji tulikuwa tumeshika kitanda. Mkewe alitutangulia na kiti kimoja cha mbao. Alikiweka katikati ya sebule tupu, akaketi, mikono juu ya mapaja. Wanaoingia kwa bawa lile huinua macho kweli, Kinyozi hakukosea, na sisi tuliinua yetu, kisha tukaona hatuna pa kupita.

"Mama watoto," Kinyozi alisema, jasho likimtiririka, "samahani, tupishe."

Aliposikia maneno hayo alimtazama mumewe, halafu akanitazama mimi. Machozi yalimtoka huku anacheka.

"Siinuki," alisema. "Zungukeni."

Tukazunguka.